Nzi wa Bibi Nta

Jumatatu, 4 Machi

Tajiri wa karakana katangaza leo. Nafasi ya mkuu wa meza itajazwa Jumamosi. Wanaoishindania ni wawili tu: binti yangu na Mama Pacha. Nimecheka kimoyomoyo. Binti yangu! Vidole vile nilivinyoosha mwenyewe kwa mafuta akiwa na siku saba.

Kwa atakayeokota daftari hili nikishaondoka duniani: nzi wetu si wa chooni. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi wa hariri, shingoni unyoya wa kwale. Ikilowa inafanana na mdudu aliyezama. Trauti, yule samaki wa maji baridi, akiiona, akili zinamruka. Mimi sifungi nzi, nachambua manyoya. Ila bila mchambuaji, mfungaji ni mtu kashika ndoana tu.

Kila mmoja alete nzi kumi na wawili, uzi wa rangi ya chungwa. Mzee anayelinda mto atawavulia kwenye kilindi chini ya daraja. Nzi watakaonasa samaki wengi ndio wenye kiti.

Mama Pacha kasema kwa sauti ya juu kwamba chema chajiuza. Nimemjibu kumbe ndiyo maana yeye hachoki kujitembeza. Meza nzima imekufa kwa kicheko. Binti yangu hakucheka. Ana haya, huyo. Haya hizo ni za upande wa baba yake.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nimeficha ngozi bora kabisa ya kwale ndani ya kilemba changu, Mama Pacha abaki na makapi. Umeharibika. Manyoya yalichomoza juu ya sikio. Binti kaichomoa, kairudisha mezani, kawaambia watu kaiokota chini. Kisha kanivuta kando: nimwache ashinde au ashindwe kwa mikono yake. Mtoto akisoma sana ndiyo haya.

Saa ya chakula nimebaki peke yangu. Nikakaa kwenye stuli ya Bibi Nta, dirisha la mtoni. Hakuna anayekaa pale. Bibi Nta ndiye aliyekuwa mkuu wa meza, vidole vimejaa nta ya kupaka uzi, hata kikombe chake cha chai kilikuwa na alama. Msimu uliopita alikwenda kilindini kujaribu nzi. Ikarudi kofia. Yeye hakupatikana mpaka leo. Alitumia mkono wa kushoto. Uzi aliuzungusha kinyume na sisi wote, na daftari lake la rangi limechafuka wino kila mstari, maana mkono ule ulipita juu ya alichokwisha kuandika.

Jiliwa lake, kile kibano cha chuma cha kushikia ndoana, bado liko pale. Nikabana ndoana nijaribu, nione ugumu uko wapi. Upo. Nilichofunga kilifanana na ndevu za mbuzi. Nikakiacha, nikaenda kunawa kwenye bomba la pembeni, humo humo ndani. Mlango ulikuwa na komeo.

Kurudi, nzi yuko tayari! Mwembamba, uzi umelala laini, unyoya umesimama kama kope za bibi harusi.

Nimewaza sana. Jibu ni moja. Ni mimi. Kipaji kilikuwa kimelala. Binti angekitoa wapi kama si kwangu?

Stuli imelowa. Paa linavuja. Nitamwambia tajiri, ingawa mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa.

Jumatano, 6 Machi

Watano leo! Nimeshajua utaratibu. Nisitazame. Nikitazama, hakuna kinachotendeka. Nikigeuka na kuchambua manyoya yangu, nasikia uzi ukilia kidogo nyuma yangu, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Nimesema shikamoo bibi, bila kugeuka. Adabu haigharimu kitu. Sikujibiwa. Harufu tu, ya nta na ya tope. Basi huenda si mimi peke yangu. Tunasaidiana.

Ili pasiwe na utata nimesema wazi kwamba nzi hawa ni wa binti yangu. Nimetaja jina lake kamili na lile la utotoni.

Nyumbani binti kashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nimemkemea. Kautazama mkono ule kama wa jirani.

Alhamisi, 7 Machi

Binti kafunga nzi kwa kushoto mbele ya watu wote. Haraka, macho dirishani. Mama Pacha kabaki na mkasi wazi. Nimemwambia aone, mwenzake ana mikono miwili, yeye ana mdomo mmoja. Kahamia mwisho wa meza. Mama Pacha kunikimbia! Siku hii niiombee ifanywe sikukuu.

Dirishani nimepata sita wengine. Jumla kumi na wawili. Nitawatia kwenye kasha la binti, wake niwafiche.

Jioni binti kanywa jagi zima la maji, kisha la pili. Aliposimama pamelowa. Nimepiga deki. Vidole vyake vina nta na leo hakuigusa. Halafu kasema, hakuna aliyemwuliza, kwamba kule chini kuna baridi. Nikauliza chini wapi.

"Chini ya daraja, mama. Wapi tena?"

Kisha akaniuliza eti amesema nini.

Uchovu huo. Nimemchemshia maji ya kuoga.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nilitaka kuacha. Kweli kabisa. Nimemkuta kakaa kwenye stuli ile, anatazama mto, vidole vinazungusha uzi usiokuwepo. Nimemwita mara tatu. Ya nne ndiyo kageuka, na kwa muda mfupi alinitazama kama mteja asiyemjua. Nikajisemea, wachukue nzi hawa ukawatupe, mama wee, hujui unachokichezea.

Mama Pacha akapita na ndoo. Akasema, hakumtaja mtu, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hivyo! Nimebadilisha nzi hapo hapo. Wa binti nimewazika ndani ya gunia la manyoya.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kifupi.

Jua kali, watu wote ukingoni. Mzee kaanza na nzi wa Mama Pacha. Karusha kuvuka mto, kaacha mkondo uwateremshe. Trauti wanne. Si haba.

Ikaja zamu yetu. Nzi akazama vizuri, akateremka. Kisha samaki wakaja. Hawakuja kula. Walijipanga chini ya mwamba tuliosimama juu yake, makumi, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Upande aliosimama binti yangu. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Ndege nao walinyamaza.

Mzee kavuta mshipi, kamgeuza nzi kwa ukucha. Akaona uzi umezungushwa kinyume. Rangi ikamtoka. Kauliza polepole:

"Nani kafunga huyu?"

"Mimi," akasema binti yangu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima sana, na ilikuwa na maji ndani yake.

Akaingia mtoni na viatu vyake. Hakuteleza kwenye mawe. Alikwenda kama mtu anayerudi kwake. Maji magotini. Maji kiunoni. Nikamfuata, nikashika gauni, nikavuta. Ni kama kuvuta mti. Nikamwita kwa majina yake yote. Hakugeuka.

Hapo nikaelewa. Nilitaja jina lake juu ya nzi wale, basi nililiondoe. Mbele ya tajiri. Mbele ya Mama Pacha! Miaka ishirini na minne sijawahi kusema mbele ya watu kwamba kuna kitu mwanangu hakukifanya.

"Si wake," nikasema. "Hana hata mmoja hapo. Mwizi ni mimi, mama yake."

Nikalitupa kasha mtoni. Nzi wakazama wote kwa pamoja, kama walioitwa. Mama Pacha kaingia majini na gauni lake jipya, kashika mkono wa binti wa kulia, mimi wa kushoto. Nilioushika mimi ulikuwa baridi kama jiwe. Tukavuta. Akaja. Akakohoa, akauliza mbona tumelowa.

Samaki wakatawanyika. Mama Pacha ndiye mkuu wa meza.

Jumapili, 10 Machi

Binti kashika kijiko kwa kulia. Nimelia ndani ya sufuria, kisha nikamweleza yote ya dirishani. Kasema hatanisemesha mpaka niape sitamtilia tena ndoana kwenye jiliwa lile. Nimeapa. Kanikumbatia.

Alasiri Mama Pacha kaja na maziwa ya mgonjwa. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Kasema kawaona nzi wa binti mwenyewe kwenye gunia la manyoya, kampelekea mzee awajaribu mto wa juu, kwa kutaka kujua tu. Trauti saba.

Saba! Angeshinda kwa mikono yake mitupu.

Nimemwambia Mama Pacha: sikusema tangu Jumatatu? Mtoto ana mikono huyo.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Pacha kaanza ukuu wake kwa amri. Stuli ya dirishani itachomwa kesho, jiliwa litafungwa kwenye gunia na kuzikwa. Tena anatafuta msaidizi wa meza. Awe anajua kufunga nzi.

Kiapo ni kiapo. Nimeapa kuhusu binti. Kuhusu mimi sikuulizwa.

Ndoana moja tu, saa ya chakula. Nimesalimu kwa adabu. Nimesema wazi, pasiwe na utata kama siku ile: safari hii ni kwa jina langu, mtu mzima, sina wa kunililia. Nimegeuka nikachambua manyoya. Nzi katoka mzuri kuliko wote. Nimembandika kifuani kama nishani. Mama Pacha akimwona ataniomba mwenyewe.

Joto leo. Hili ni jagi la tatu na kiu iko pale pale. Paa la huku nyumbani nalo limeanza kuvuja, miguu yote imelowa.

Na kalamu hii mbovu. Wino unachafuka kila mstari, mkono ukipita juu yake. Kesho nanunua nyingine.