Jumamosi Isiyoandikwa Daftarini

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua molekuli! Mimi! Katibu wa Kikundi cha Nyota za Maabarani, mbeba viti, mwandika mihtasari, miaka sita sijapigiwa hata kofi moja. Leo asubuhi nimewasha taa ya chombo, kwenye skrini vikatokea vilele vitatu vya grafu. Na mle ndani hamkuwa na kitu ila barafu ya maji! Viwili vikubwa, kimoja kidogo katikati. Hicho kidogo hakimo katika kitabu chochote. Nimetafuta mpaka shingo ikakaza.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii: wenzetu wenye darubini huona mwanga wa nyota umeliwa mahali fulani, wasijue nani kaula. Sisi tunatengeneza kipande cha anga ndani ya chombo cha chuma, hewa yote imenyonywa, baridi ya kutisha, kisha tunapima. Kipimo chetu kikifanana na chao, mwizi wa mwanga kajulikana. Bila sisi, wao wanatazama mataa tu.

Ijumaa ni mkutano wa mwaka. Nishani ya kipimo bora! Bwana Vumbi, anayetengeneza vumbi la nyota kwenye tanuri lake, ameshaitwaa mara tatu, na kila mara hujifanya kushangaa. Safari hii atashangaa kweli.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza kama hiyo molekuli inaweza kutengeneza mlango wa kabati.

Jumanne, 5 Machi

Mama Ombwe amenikalia kooni. Ndiye fundi wa chombo chetu. Miaka ishirini na miwili analinda ule utupu usiingiwe na hewa, ndiyo maana tukampa jina hilo. Sheria yake ni moja: chombo kikifunguliwa, kipashwe moto siku nne kitoe uchafu, ndipo kipimwe. Na aliyefungua aandike jina lake daftarini. Akaniuliza kama kuna mtu alikifungua mwisho wa wiki, maana pampu inalalamika.

Nikasema sijui.

Nilifungua mimi. Jumamosi. Dirisha la kioo lilikuwa na doa, nikalibadilisha mwenyewe, mikono mitupu, dakika moja tu. Sikuandika. Ningeandika, ningetakiwa kungoja siku nne, na mwisho wa kupeleka matokeo ni leo adhuhuri. Nilikusudia kumwambia, haki ya Mungu. Mdomo ukatangulia.

Mama Ombwe akasema haraka haraka haina baraka. Nimepeleka matokeo saa sita kasorobo.

Jumatano, 6 Machi

Nimechapa ajenda. Namba tatu: kura ya kumpokea Mama Ombwe kuwa mwanachama kamili. Fundi wa kwanza tangu kikundi kianze! Siku zote wanachama tumekuwa wenye shahada tu, wakati yeye ndiye aliyewafundisha wenye shahada kufunga skrubu. Pendekezo hilo niliandika mimi. Nina moyo mzuri, hilo lieleweke.

Amekuja mezani kwangu kuuliza kama gauni la bluu litafaa. Dada yake anasafiri kuja kumshuhudia. Nikasema bluu ni nzuri sana. Nilikuwa naiangalia stepla.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilikwenda maabara kumwambia ukweli. Nikamkuta anafuta chombo kwa kitambaa chake, anaimba kwa sauti ya chini. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema hataki. Nikarudi.

Jioni mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nywele zimekaa vizuri. Mke wangu anasema mafuta yangu ya waridi yameshaharibu mito minne, na nikizidisha kidogo tutaweza kukaangia. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Natamani ardhi ipasuke.

Nilionyesha vilele vyangu. Bwana Vumbi akasimama. Hakucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Akauliza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, je, vile viwili vikubwa si vilele vya grisi ambavyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavijua? Na hicho kidogo, si manukato ya mtu?

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilivijua! Tangu Jumatatu nilivijua vile viwili. Sikutaka tu kuvijua.

Mwenyekiti akaagiza daftari. Jumamosi, patupu. Funguo ni mbili, yangu na ya Mama Ombwe. Akauliza nani alifungua. Ulikuwa wakati wangu. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema kwamba utunzaji wa chombo uko mikononi mwa fundi.

Kila neno kweli tupu! Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mama Ombwe akainuka na gauni lake la bluu. Akasema chombo ni chake, basi na uchafu wake ni wake. Akaketi. Kura ikaahirishwa, eti hadi mambo yaeleweke. Dada yake akachukua mkoba, wakatoka pamoja. Nishani kapewa Bwana Vumbi. Hakushangaa hata kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwangu haikufika hata getini. Nimelia bafuni, nimefunika uso kwa taulo. Hata taulo linanukia waridi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekuta grafu mezani. Vilele vitatu, viwili vikubwa, kimoja kidogo katikati. Pembeni yake kichupa changu cha mafuta ya nywele, kile ninachokiacha kwenye sinki la maabara. Mama Ombwe amepima tone moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa utosini.

Nikamfuata. Nikasema yote. Akasema alijua tangu Jumanne, mpini wa kifuniko ulikuwa unanukia kama mimi. Alikuwa ananingoja niseme. Alingoja mpaka ukumbini. Nikamuuliza nimfanyie nini. Akasema hataki kitu, niende tu nikaandike jina langu pale kwenye Jumamosi.

Nikaanza kwa Mwenyekiti, nikakiri. Masikio yaliwaka moto. Kura itapigwa Ijumaa hii, na barua ya kuomba radhi nitaisoma mwenyewe mbele ya wote. Nilistahili zaidi ya hapo.

Kisha nikaenda maabara, nikaandika jina langu, herufi kubwa. Mzigo ukanitoka! Mimi ni mtu mpya.

Nilipoinua macho nikaona alama ya kidole kwenye dirisha la chombo, upande wa ndani. Bila shaka ni yangu ya siku ile. Maskini Mama Ombwe, nimemtesa vya kutosha, angalau akute kioo safi. Nikafungua, nikafuta kwa kitambaa changu cha kufutia jasho la paji la uso, nikafunga. Dakika moja tu.

Daftarini, leo nimeacha patupu. Ndiyo kwanza amenisamehe, ya nini kumsumbua?