Picha ya Namba Kubwa Kuliko Zote Mtaani

Ugomvi ulianzia mbele ya kompyuta, ndani ya studio yenye pazia la bluu na stuli moja inayoyumba. Bi harusi na wifi yake walikuwa wamekuja kuchagua picha. Mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Studio, alikuwa ameitega kompyuta yake ionyeshe chini ya kila picha jinsi kamera ilivyopangwa wakati wa kupiga: tundu la lenzi, kasi ya shata na aiso. Alifanya hivyo kwa faida yake mwenyewe, alinganishe hii iliyokubali na ile iliyogoma, ajue alikosea wapi.

"Mbona yangu imeandikwa mia mbili," bi harusi akauliza, "na ya wifi elfu tatu na mia mbili?"

"Hiyo ni aiso, mwanangu. Wewe nilikupiga nje, juani. Wifi yako alikuwa ukumbini gizani, ikabidi kamera ijikaze kuona. Ikijikaza sana, picha inaota chenga."

"Kwa hiyo kwangu haikujikaza?"

"Haikuwa na haja."

"Umesikia?" wifi akasema, akitupia mtandio begani. "Kwangu ilijikaza."

Bi harusi akaangua kilio. Harusi yake, gauni lake, mume wake, halafu wifi mtu ndiye awe na elfu tatu!

Mlangoni alisimama mwanamume aliyejibanza kivulini akimkwepa mwenye nyumba wake. Waliomjua walimwita Kipimo, kwa sababu hakuna alichowahi kuuza bila kukibunia kipimo. Aliwahi kuuza magodoro kwa viwango vya usingizi, na mafuta ya nywele kwa nguvu za farasi. Alipokisikia kilio kile hakuona machozi. Aliona mlango umeachwa wazi.

Aliporudi mtaani alikuwa amevaa koti jeupe lenye kalamu mfukoni, na kifuani beji iliyosema Mkaguzi wa Viwango vya Picha. Nani alimpa? Hakuna aliyeuliza. Koti jeupe likishapigwa pasi, nchi nzima husimama wima.

Alianzia studio ya ng'ambo ya barabara, kwa mpiga picha aitwaye Tabasamu, ambaye hakuwahi kucheka isipokuwa akisikia jirani kakosa wateja.

"Kaka, picha zako zinatoka mtaani hazina namba?"

"Namba za nini, mkuu?"

"Ndiyo maana mnadharauliwa. Chapa aiso chini ya kila picha, kubwa, nyekundu. Mteja alinganishe. Mwenye kubwa ndiye bora. Ada yangu ya ukaguzi ni kidogo tu, karibu na bure."

Watu wa mtaa huu tumepangwa sana maishani. Tulipangwa darasani kwa alama, tukapangwa hospitalini kwa rangi za kadi, tukapangwa kwenye foleni za unga na wanaume waliokuwa na unga tayari nyumbani kwao. Hatujasahau hata mmoja wao, na sura zao tunazo. Ungedhani tumechoka. Wapi! Aliyewekwa mkiani miaka yote, ukimchorea mstari mpya, hukimbilia kujipanga, akidhani safari hii atakuwa wa kwanza.

Tabasamu alichapa. Wateja wakaja mbio. Namba ikawa ndiyo picha, na picha ikawa ndiyo fremu ya namba. Ili aiso ipande, Tabasamu akaziba madirisha kwa mablanketi, akazima taa, akawa anapiga familia nzima gizani, watoto wakilia na babu akiuliza kamera iko upande gani. Picha zilitoka kama mchanga uliomwagwa juu ya masizi. Zikatundikwa sebuleni.

"Yule pale ni nani?" mgeni angeuliza.

"Ama ni shangazi au ni kabati," angejibiwa kwa fahari. "Lakini elfu sita na mia nne!"

Mama Studio aligoma. Aliendelea kupiga watu kwenye mwanga, macho yakionekana macho. Wateja wakamwambia ana roho mbaya, anawabania namba. Mwishowe hata kinyozi wake alikwenda kupigwa kwa Tabasamu.

Hapo Kipimo akaitisha mkutano wa wapiga picha wote, akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Kamera zenu zimefungwa namba huko zilikotoka! Hawataki nyinyi mpande juu! Mpaka lini?"

"Mpaka leo!" Tabasamu akapiga ukelele.

"Nileteeni. Zitafunguliwa maabara, zirudi zikiwa hazina kikomo!"

Hapo ndipo pa kumchukia. Hasira ya kubaniwa ni ya kweli, ina jasho la baba zetu ndani yake, naye aliichukua akaipaka rangi akaitumia kama chambo. Mtaa mzima ukampelekea kamera. Mama Studio pia. Kamera yake aliinunua kwa kuuza cherehani, na haikuwa na mwenzake. Bila kamera asingekuwa na studio, na bila studio angerudi kufua nguo za watu. Lakini bila wateja vilevile angerudi kufua. Akaivua mkanda shingoni, akampa.

Sanduku la Kipimo likajaa. Alilikokota hadi stoo ya mizigo pale stendi, aliache humo mpaka basi lake la jioni, huku akirudi mtaani kukusanya flashi na lenzi zilizobaki. Tamaa haijui kufunga zipu.

Stoo ile ilikuwa na utaratibu wake, na mji mzima uliujua: unaleta picha zako mbili ndogo, moja inabandikwa kwenye mzigo, nyingine unabaki nayo pamoja na stakabadhi. Ukirudi, mwenye stoo anazilinganisha, unapewa mzigo wako.

Mwenye stoo alizigeuza picha za Kipimo huku na huku. "Hizi hazina namba."

"Sura si inaonekana, mzee wangu?"

"Sura kila mtu anayo. Mimi kwangu sebuleni nina elfu kumi na mbili. Mzigo wa thamani siupokei kwa picha isiyo na namba. Leta kubwa."

Kipimo akalikokota sanduku kurudi mtaani. Kamera zote zilikuwa humo, na mkaguzi mkuu hakujua hata pa kuziwashia. Tabasamu angemuuliza maswali mengi. Mama Studio alikuwa mkimya, na Kipimo, kama wakubwa wote, aliudhani ukimya ni ujinga.

"Dada, hongera!" akasema, akiitoa kamera yake sandukuni. "Yako imetangulia kufunguliwa. Hebu ijaribu kwangu. Picha mbili ndogo, namba ya juu kabisa. Na sura isitoke sana, mimi nina aibu."

Mama Studio aliishika kamera yake kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Picha mbili ndogo. Za stoo. Tangu lini maabara ikawa stendi? Akachungulia sandukuni, akaziona kamera za mtaa zimelaliana kama dagaa. Angepiga kelele, angebaki na yake tu. Mwenye koti angetimka na za wenzake.

"Kaa hapo kwenye stuli, mkaguzi," akasema. "Nafunga pazia."

Akapiga gizani, aiso ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Ikatoka chenga tupu, na chini yake kwa wino mwekundu: elfu ishirini na tano na mia sita.

"Maridadi!" Kipimo akasema, akiishika juu chini. "Nimependeza."

"Karatasi moja hutoa nne. Nikupe zote?"

"Nimesema mbili. Nne za nini, nilipie hewa?"

"Basi mbili."

"Na kamera naondoka nayo kidogo. Bado ina joto la maabara, haitakiwi kushikwashikwa."

Akampa. Sanduku lilipokata kona, alizikunja zile mbili zilizobaki ndani ya leso, akafunga studio.

Kipimo alipokea stakabadhi ya mzigo wake huku akitikiswa mkono na mwenye stoo, aliyekuwa hajawahi kuigusa namba kubwa namna ile. Kisha akaenda kwa Tabasamu kuchukua flashi, na Tabasamu akamkalisha, akamsomea hotuba ya shukrani aliyoiandika mwenyewe, yenye utangulizi.

Wakati huo Mama Studio alikuwa amesimama mbele ya dirisha la stoo.

"Nimefuata sanduku langu, baba."

Mwenye stoo akaweka picha yake kando ya ile iliyobandikwa. Akavaa miwani. "Elfu ishirini na tano na mia sita. Na hii, elfu ishirini na tano na mia sita." Akainua macho, akamtazama mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa kichwani. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umenenepa."

"Maisha, baba."

"Chukua mama, chukua. Stakabadhi?"

"Nimeiacha kwenye suruali."

"Haina neno. Namba haidanganyi."

Kipimo alifika huku basi likiwa limeshawashwa, flashi zimening'inia shingoni kama kengele za ng'ombe.

"Mwenyewe ameshachukua," mwenye stoo akasema.

"Mwenyewe ni mimi! Nitazame sura!"

"Sura? Siku hizi nani anatazama sura? Ana namba yako ileile."

"Namba si kitu!" Kipimo akapiga yowe, abiria wote wakageuka. "Wajinga nyinyi! Ni aiso tu! Ni kamera inajikaza gizani! Ikiwa kubwa picha inaharibika!"

Kwenye foleni alikuwepo yule bi harusi, mkononi ana picha mpya ya elfu nane, ambayo mumewe haonekani kabisa.

"Huyu," akasema taratibu, "amemtukana mume wangu."

Hawakumpiga sana. Koti jeupe lilichanika mgongoni, flashi zikarudi kwa wenyewe, na basi likaondoka bila yeye. Alipopelekwa kituoni, askari alimdai picha, akaitazama, akasema hakuna ushahidi kwamba aliyeko mbele yake ni yeye.

Kamera zilirudi kwa wenyewe jioni ileile. Mama Studio aliivaa yake shingoni kwanza, ndipo akagawa nyingine. Tabasamu hakusema asante. Aliuliza tu kama yake imefunguliwa.

Ile picha ya mwisho iliyobaki kwenye leso Mama Studio aliikuza, akaitundika dirishani. Watu wakajazana. Hapakuwahi kuonekana namba kama ile mtaani, na studio ikapata wateja tangu asubuhi. Akawapiga wote kwenye mwanga, wakakubali, maana wamepigwa na kamera ya elfu ishirini na tano.

"Kazi hiyo!" wifi wa bi harusi akasema, amebandika pua kwenye kioo. "Na ni nani huyu, mama?"

Mama Studio aliitazama ile chenga, akarekebisha kitambaa chake kichwani.

"Ni mimi," akasema.

"Ndiyo," wifi akajibu. "Umetoka vizuri."