Malalamiko Kuhusu Mtambo Wenu Usiojua Kupatana Bei

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kupokea Malipo ya Kadi Mtandaoni.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Shangazi, na ndiye sababu ya kukuandikia.

Mimi ni fundi wa vigoda. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Nyuma nakaa mimi na randa na gundi yangu, mbele anakaa Shangazi, dada wa marehemu baba yangu, ambaye kazi yake ni kupatana bei na wateja. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijaota meno, na wateja wamempa jina la Bi Haipungui. Nikitaja bei mimi, mteja hucheka. Akitaja yeye, mteja hutafuta pa kukaa.

Mwaka huu watu wa nchi za mbali walianza kuvipenda vigoda vyetu, baada ya mpita njia mmoja kupigwa picha amekalia kimoja na picha hiyo kuenea mtandaoni. Shemeji yangu, ambaye ana kompyuta na kwa hiyo ana maoni, akasema hatuwezi kuuza ng'ambo bila mtambo wa kupokea kadi za benki. Akatuletea kampuni tatu tuchague. Ya kwanza ilikuwa na ada moja kwa watu wote, haina mazungumzo. Shangazi akauliza kama hao wanauza stempu. Ya pili ilitaka kukaa na fedha zetu wiki kadhaa kabla ya kutupa, na tulipopiga simu kuuliza sababu, mtu wao akatugombeza. Ya tatu ni nyinyi. Mlipokea fedha za nchi nyingi, mlizileta upesi, na kwenye ukurasa wenu palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka huku ameshika simu. Shangazi alisema huyo ni mtu wa kuzungumza naye. Tukawachagua kwa kauli moja.

Sasa naomba kuorodhesha, kwa heshima zote, yaliyotupata.

1. Mtambo wenu hausalimii watu. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa ng'ambo, alinunua asubuhi, sisi tukiwa tunafagia vumbi la mbao. Simu ya shemeji ikalia mara moja, fedha zikawa zimeshaingia. Shangazi akauliza huyo ni nani, mtoto wa nani, ameamkaje, na kigoda anakitakia nini. Shemeji akatafuta, akasema kuna anwani ya kupeleka mzigo na tarakimu nne za mwisho za kadi yake, basi. Tangu hapo Shangazi humwita huyo mama kwa tarakimu zake nne, na kila nikienda posta huniagiza nimfikishie salamu. Hakuna pa kuandika salamu, Ndugu Meneja. Nimeitazama fomu yenu yote.

2. Mtambo haupatani bei. Hili lilituuma. Bei tuliyoiweka kwenye tovuti yetu ni bei ya kuanzia mazungumzo, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu. Tuliizidisha mara tatu ili mteja apate pa kushukia na sisi tupate pa kulalamikia. Yule mama akailipa yote. Hakuuliza mwisho wetu ngapi, hakusema jirani anauza rahisi, hakusema ana watoto wanasoma. Shangazi akashika kichwa, akasema tumemwibia mtu mchana kweupe. Akaamuru ziada irudishwe. Shemeji akairudisha, nanyi mkatukata ada kwa kosa la uaminifu. Mama yule akaandika kushukuru, na kwa furaha yake akanunua kigoda kingine, kwa bei ileile nzima. Shangazi, kwa kuogopa laana, akaamuru tumpelekee na viwili vya nyongeza. Sasa kila anayenunua kimoja anapata vitatu, habari zimeenea huko kwao, na mikono yangu imeota sugu. Tunafilisika kwa sababu wateja wanalipa vizuri mno.

Utasema tushushe bei. Tulishusha, akili tunazo. Kesho yake mteja akaja hapa mlangoni na bei hiyo kwenye simu yake, akaanza kushukia hapohapo. Shangazi akainuka, akaingia ndani kunywa maji.

3. Mtambo hauna pa kuondokea. Kwetu mteja aliyekwama hujifanya anaondoka. Huenda polepole, bila kugeuka nyuma, na akifika kwenye kibanda cha mchonga funguo huitwa: haya njoo basi, chukua. Hapo ndipo biashara hufungwa, na kila mmoja hurudi kwake akijua ameshinda. Juzi shemeji alitueleza kwamba kuna watu waliotia kigoda kwenye kikapu cha tovuti, wakafika kwenye ukurasa wenu wa kujaza kadi, kisha wakaondoka. Shangazi akauliza nani aliwaita. Shemeji akasema hakuna, ila mtambo huwatumia ujumbe kwamba wamesahau kitu. Kusahau? Yule hajasahau chochote. Ana akili zake timamu, anangoja kuitwa. Shangazi alisimama mlangoni hadi tukafunga, akiangalia upande wa kibanda cha funguo. Mpaka leo anasikitika kwamba kuna watu wazima huko duniani wamesimama kwenye kona, na sisi tumewanyamazia.

4. Mtambo unaingilia mazungumzo ya watu. Mteja mmoja alipokea kigoda, bila shaka akakikalia, kisha akaiambia benki yake kwamba malipo hayo hayatambui na anataka fedha zake zote. Mkatuletea taarifa ndefu yenye maneno mekundu, mkitutaka tujibu. Shemeji alianza kupekua risiti. Shangazi alifurahi. Akasema hatimaye amepatikana mtu: ameanzia chini sana, kwenye bure kabisa, lakini kipaji anacho. Akaoga, akavaa gauni lake la kuendea harusi, akakaa kwenye kigoda chake akaniamuru niandike. Niandike kwamba mti wenyewe ni mgumu, kwamba fundi ana mgongo mbovu, na kwamba kwa kuwa ni yeye atapunguziwa kidogo, ila asiwaambie wenzake. Kisha akanikataza kuipeleka barua hiyo siku ile, kwa kuwa jibu la haraka ni dalili ya njaa. Tulipoipeleka, siku za kujibu zilikuwa zimepita, nanyi mlikuwa mmekwisha kumrudishia mteja kila kitu, kwa niaba yetu. Yaani mlikubali bei ya kwanza ya mnunuzi. Hata mtoto aliyetumwa chumvi hafanyi hivyo.

5. Kigoda cha mlangoni sasa kiko wazi. Hili ndilo lalamiko langu hasa, na mengine yote nimeyatanguliza ili nisianze na hili. Shangazi amehamia nyuma, karibu na makopo ya vanishi, anakunja karatasi za msasa ambazo hazihitaji kukunjwa. Chakula anakionja tu. Ameanza kusema atakwenda kukaa kwa mdogo wake, kwa kuwa siku hizi fedha zinaingia zenyewe, na mtu hawezi kuwa mzigo kwenye nyumba ambayo hana kazi. Nimemwambia yeye si mzigo. Amenijibu kwamba hayo ndiyo maneno anayoambiwa mzigo. Sanduku lake liko kitandani, limefunguliwa. Huyu ndiye aliyenilea, Ndugu Meneja, na ninaogopa.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kwenye ukurasa wa kulipia, chini ya kitufe cha kulipa, wekeni kitufe cha Punguza. Mteja akikibonyeza, mtambo ugune. Akikibonyeza tena, useme kwa bei hiyo hata mtaji haurudi. Akiondoka, umwache afike mbali kidogo, kisha umwite. Kama mafundi wenu hawaliwezi hilo, basi mwajirini Shangazi akae ndani ya mtambo. Kila malipo ya kadi yapitie kwake kwanza, na si ya vigoda peke yake bali ya wateja wenu wote: tiketi za ndege, vyumba vya hoteli, bima. Anayetaka kusafiri asubiri Shangazi amalize chai. Najua mwanzoni ndege zitachelewa, lakini kila abiria atakuwa amelipa bei aliyoitolea jasho, na rubani atakuwa amesalimiwa. Mkikataa, tutahamia kampuni ya pili, ile iliyotugombeza. Wale angalau wanajibizana na mtu.

Nisalimie wa nyumbani kwako, watoto, wahasibu, na yule dada wa kwenye simu anayetwambia tuendelee kusubiri; mwambie tunaendelea. Mtambo wenyewe pia nausalimu, kwa kuwa lazima mmoja wetu aanze.

Ni mimi, mteja wenu mwenye masikitiko na heshima,

Fundi wa Vigoda,
kwa niaba ya Bi Haipungui, ambaye hajui kwamba nimeandika.

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa inangoja stempu, nami nachemsha gundi, simu ikalia. Alikuwa afisa wenu, akitaka kujua kama tumeridhika na huduma. Mikono yangu ilikuwa imejaa gundi, akapokea Shangazi. Alimuuliza ameamkaje, akamuuliza na hali ya mama yake, akaambiwa anasumbuliwa na magoti. Wakazungumza magoti. Kisha akamwambia ada yenu ni ya watu wenye maghorofa. Afisa akasema hana mamlaka ya kupunguza. Shangazi akasema haya, kwaheri mwanangu, akaiweka simu mezani bila kuikata, akakunja mikono, akaitazama. Nikasikia sauti ndogo ikisema: mama? Mama, bado upo? Hebu ngoja nimuulize mkubwa wangu.

Mmepunguza kidogo sana, kiasi kisichonunua hata msumari. Shangazi amerudi mlangoni kwenye kigoda chake, ameomba chakula cha leo na kile alichokiacha jana, na sanduku liko juu ya kabati. Anasema nyinyi ni watu wazuri, mna mama zenu.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Mtambo uacheni ulivyo, bubu hivyohivyo. Nina ombi moja tu: mwezi ujao pandisheni ada, na afisa yuleyule apige simu. Tutalipa. Ila msimkubalie Shangazi upesi, na akiaga, mwiteni.