Tuta la Sita Halitalala Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona ukatili, na umefanywa na damu yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kilimo. Asubuhi darasa, mchana maktaba, jioni anaandika tasnifu. Chakula anakula amesimama, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kazi yake ya kumalizia masomo ni bustani ya mtaa: matuta sita ya mchicha nyuma ya zahanati. Majirani tunamwagilia, ukikomaa tunagawana. Kila tuta lina kibao cha namba, na namba zimechanganywa kama karata. La kwanza lilipewa koleo moja la samadi, la pili mawili, hivyo hivyo mpaka la tano.

La sita halikupewa kitu. Jani lake kama ukucha wa mtoto.

Nikamuuliza kama samadi iliisha. Akasema hapana, Bibi, ndivyo linavyotakiwa kuwa, akakimbilia darasani na mkate mdomoni.

Mimi sikusoma. Herufi nimeziokota kwenye magazeti niliyofungia karanga. Lakini nimelea watoto saba, na hakuna siku niliyopakulia sita nikamwambia wa saba awatazame wenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelilisha.

Mfuga kuku alinipa ndoo ya mbolea iliyooza vizuri. Nikamwambia ni ya ua langu la dirishani. Akauliza ua hilo ni mbuyu? Nikamwambia ashughulike na kuku wake.

Nilifika bustanini kabla ya watu. Nikafukia katikati ya mistari, nikasawazisha udongo kwa kiganja. Kuinuka, nani huyo kwenye bomba? Mpiga Pasi. Mgane wa nyumba ya kona, mwenye ufunguo wa bomba la bustani, anauvaa shingoni kama nishani. Nikasema natafuta hereni iliyodondoka. Akasema, dada, masikio yako hayajatobolewa.

Mtu mzima, anakagua masikio ya watu. Nimeshangaa mpaka nimesahau ndoo.

Alhamisi, 20 Machi

Tuta la sita limewapita wenzake wote. Majani kama sahani. Nikamleta mjukuu kwa mkono, nikisubiri anikumbatie.

Akalipima kwa rula. Akalipima tena. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Nilipigwa na butwaa. Mboga imenona, mtu analia! Ndipo akanieleza, taratibu, kama ninavyomweleza mtoto habari za moto. Tuta la sita ndilo kipimo. Halipewi kitu makusudi, ili ionekane samadi imewafanyia nini yale matano. Kipimo kikivurugika, wiki zote za kupima ni bure. Mhadhiri anakuja Jumatano. Akiikataa kazi, mjukuu hahitimu mwaka huu, na lile shamba la miche lililomwahidi ajira halitamngoja.

Akasema haelewi udongo umepatwa na nini. Miaka mitatu ya vitabu, na tuta lenye njaa limenenepa.

Mdomo wangu mtaa mzima unaujua. Leo ulijifunga wenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata dawa. Jioni hii nimeng'oa kibao cha sita nikakichomeka kwenye tuta la kwanza, ambalo ndilo dogo kuliko yote. Cha kwanza nimekipeleka kwenye lile nene. Mhadhiri atakuta la sita limekonda inavyotakiwa. Sijui kwa nini watu wanakaa chuoni miaka yote hiyo.

Jumapili, 23 Machi

Sikujua kwamba tangu siku ile alipolia anapima kila siku na kuandika daftarini.

Leo amekuja na rula, akarudi nyumbani amepauka. Anasema mchicha wa tuta la sita umefupika shubiri nzima kwa siku moja. Umerudi utotoni. La kwanza nalo limerefuka kama limevutwa masikio. Akaniuliza, Bibi, niangalie, nina homa? Nikamshika paji la uso. Nikasema ni uchovu, alale. Akalala saa tatu mfululizo, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka uanze. Kwa hiyo si hasara tupu.

Nikamfuata Mpiga Pasi kabla hajanifuata yeye. Nikamwambia akithubutu kunisema tutaonana. Akajibu kwamba hana mpango wa kusema lolote, akatazama viatu vyake. Huyu ndiye aliyetangazia mtaa mzima siku sufuria yangu ilipoungua. Nimerudi nyumbani nimeshangaa zaidi ya kama angenitukana.

Jumatano, 26 Machi

Mhadhiri ni mama mrefu mwenye mabuti ya mpira. Hakutazama majani hata kidogo. Alichimba kwa kidole, akanusa, akapitia daftari la vipimo, akamuuliza mjukuu nani ametia mbolea ya kuku hapa, na kwa nini vibao vimehama. Mjukuu akasema hajui. Sauti ilitoka ndogo, kama ya siku ile mama yake alipomleta kwangu na begi lake. Mhadhiri akafungua kalamu aandike.

Hapo nilishindwa. Nikasema ni mimi. Nikamwambia yote: ndoo, vibao, mpaka hereni. Nikasema mtoto hana kosa, kosa lake ni kuwa na bibi.

Mjukuu aliniangalia kama hanifahamu.

Mhadhiri akachukua konzi nyingine ya udongo. Akauliza, na majivu haya, mama, ni yako pia? Majivu gani? Sikuelewa.

Mpiga Pasi akavua kofia. Akasema ni yake. Wiki nne sasa, kila jioni, alikuwa anamwaga pale majivu ya pasi yake ya mkaa. Tuta lilikuwa linamtazama, akasema, kama mtu aliyerukwa kwenye kupakuliwa.

Nilitaka kukaa. Ndoo ilikuwa mbali.

Mhadhiri akasema amekagua bustani miaka kumi na miwili, ameona mbuzi, ameona mvua ya mawe, hajawahi kuona kazi ya mwanafunzi ikiharibiwa na huruma. Ametoa wiki tano. Mbegu zipandwe upya, kwenye udongo mpya, na haya yote yaandikwe kwenye tasnifu bila kufichwa. Tuta la sita lizungushiwe wavu na kufuli. Ufunguo akampa Mpiga Pasi, eti kwa kuwa alikiri. Na mimi je, sikukiri?

Njiani mjukuu alitangulia. Mlangoni akanishika mkono. Bibi, ungeniuliza. Nikasema nilikuuliza. Akasema, basi ungengoja nijibu.

Hilo nimelimeza bila maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Mchicha mpya una wiki mbili. Yale matano yamechangamka. La sita, ndani ya wavu, lina majani manne manne ya rangi ya karatasi.

Mjukuu aliniapisha asubuhi kabla ya kwenda maktaba. Nisitie samadi. Nisitie mbolea ya kuku. Nisiguse vibao. Nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa.

Jioni nikapita tu, kuangalia. Mpiga Pasi alikuwa amesimama pale, ufunguo mkononi, haendi wala harudi. Tukalitazama tuta. Akasema limekonda. Nikasema limekonda, ndivyo linavyotakiwa kuwa. Akasema ndiyo, ndivyo.

Kisha akafungua kufuli, akasema anaangalia kama lina kutu. Akageuka kunipa mgongo, akaanza kusafisha bomba ambalo halikuwa chafu.

Nikafikiria kiapo changu, neno kwa neno. Maji ya kuoshea mchele hayakutajwa popote.

Nikarudi nyumbani mbio kuchukua kopo.