Vidude Vyote Husema Kitu Kimoja

Kwa Bwana Meneja wa Ghala la Dawa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mama mzazi wa injinia wako, yule binti aliyekufungia vidude vya kupima joto kwenye vyumba vya baridi, visivyo na waya, vinavyopashana habari vyenyewe kwa vyenyewe. Shule nilisoma kidogo, lakini kuzaa nimezaa vizuri. Nasikia umeamuru nusu ya vidude ving'olewe, na mkataba wa binti yangu usiongezwe. Nalalamika hivi:

1. Umesema vidude ni vingi na vyote husema kitu kimoja. Kweli kabisa. Naibu wako naye husema ulichosema wewe, tena kwa kutikisa kichwa. Tuanze kung'oa wapi?

2. Umesema tangu vifungwe hakuna dawa iliyoharibika, kwa hiyo binti yangu hana kazi. Namwombea radhi. Betri ya kidude kimoja ikiisha, jirani zake hupitisha habari njia nyingine hadi ofisini, wewe ukiendelea na chai yako. Angekuwa mjanja, angeacha chanjo zioze kidogo ili umwone anavyokimbia.

3. Kwa hekima hiyo hiyo, toa tairi la akiba kwenye gari lako. Mlinzi wa pili naye arudi kwao. Na figo, Bwana Meneja, unazo mbili za nini?

4. Ulipokwenda likizo, ghala lilikwenda vizuri kuliko kawaida. Sisemi zaidi.

Tena haya ya vidude kusaidiana, binti yangu hakuyatoa chuoni tu, aliyatoa na kwangu. Nimelea wanne: nikimtuma mmoja akikwama, mwingine ananyanyuka bila kuambiwa. Ndiyo maana barua hii nimeiandika nakala tatu, nikawapa nduguze watatu, kila mmoja na njia yake. Wawili wakipotea, mmoja atafika.

Nisalimie mama watoto, watoto, na walinzi wote wawili wangali wawili. Naibu usimsalimie, ukisalimiwa wewe, naye kasalimiwa.

Mimi mwenye heshima zote,
Mama Injinia

N.B. Leo nimezikuta nakala zote tatu juu ya friji. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapeleka. Hii naileta mwenyewe kwa miguu. Injinia amecheka mpaka akakaa chini. Anasema vidude vyake havina mambo ya kudhani, kila kimoja hakitulii mpaka kijibiwe kwamba habari imefika. Sijui alivilea vipi. Wewe mbakishe kazini tu, na pale nilipoandika kwamba alijifunza kwangu, paruke.