Kuta Nne kwa Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametamka: nyumba yake inavuja, atahamia kwa mwanawe atakayetangulia kumaliza kujenga. Mdogo wangu, jirani yangu wa kiwanja, amekwisha kufika usawa wa madirisha kwa matofali yake. Mimi nina msingi na magugu. Lakini akili ni mali! Nitaagiza kuta za paneli kutoka kiwandani. Hazina nguzo ndani. Paneli yenyewe ndiyo hubeba paa. Kuta nne kwa siku moja. Atajua hajui!

Jumatano, 5 Machi
Kiwanda kinadai mchoro. Eti matundu ya milango na madirisha hukatwa huko huko. Karani wao ni rafiki wa mdogo wangu. Leo auone, kesho uigwe. Thubutu! Nimeagiza paneli nzima nzima. Mke wangu ameuliza tutaingilia wapi. Nimemwambia aache uchuro.

Jumamosi, 8 Machi
Kuta zimesimama! Fundi wa mwisho alitokea juu kwa ngazi kabla ya bati la mwisho kupigiliwa. Mdogo wangu akaizunguka nyumba, akanipa mkono: “Hongera, kaka. Haya, tukaribishe ndani.” Hasidi! Nikadai msumeno. Fundi akakataa: kila paneli imebeba paa, asubiriwe mhandisi. Mhandisi yuko safarini. Huyu fundi naye amenunuliwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekata mlango mwenyewe. Paa likashuka, likakaa juu ya tundu kama kuku anayeatamia. Msumeno umebanwa humo, hautoki. Mara Mama huyo, mto wake kwapani. Akachungulia penye ufa. Akasema, “Baba, mimi mtu, si panya.” Akavuka kwenda kwa mdogo wangu. Paa la kule ni turubai! Lakini mlango anao. Mama hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi nimemsikia Mama akicheka kule. Kicheko kirefu, cha tumboni. Mimi mzaliwa wake wa kwanza sijawahi kukipata hata siku moja. Mke wangu amekwenda kuwasalimu, hajarudi.
Basi! Nitakizungushia kiwanja changu uzio wa paneli zile zile, mrefu, nisiwaone wala nisiwasikie. Kiwanda kimeuliza lango liwe upande gani. Nimewajibu kwamba hayo hayawahusu.