Mtoto wa Miaka Sitini, Kilo Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mkurugenzi ametangaza: atakayeleta jedwali safi la watoto wachanga wa zahanati zote kabla ya kikao cha Ijumaa, ndiye atakayeongoza timu ya utafiti mpya. Kiongozi hukaa kiti cha mbele kwenye gari la ofisi. Mimi siku zote nimekaa nyuma, katikati, magoti kidevuni. Basi!

Mpinzani ni mmoja, dada wa meza ya jirani. Tunamwita Malkia wa Safu. Sitadanganya ndani ya shajara yangu mwenyewe: yule dada ni moto. Anaandika amri moja kwenye programu ya takwimu, anabonyeza, data inatokea kwenye Excel imenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Namvulia kofia. Lazima nimshinde.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta ya ofisi ameikalia Malkia. Nikaazima ya shemeji, ya mfumo mwingine kabisa. Nikaweka programu ileile, nikaandika amri ileile ya kupeleka data Excel. Ikagoma. Eti amri hiyo haipo kwenye mfumo huu. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Ikagoma tena.

Shemeji akauliza nina ugomvi gani na mashine yake. Nikamwambia atulie, mtaalamu yuko kazini. Akasema hayo ndiyo maneno niliyomwambia dada yake siku ya kumposa, na mpaka leo bado anamwonea huruma.

Jumatano, 6 Machi

Nimemchota Malkia kijanja. Nikasema nina rafiki ana shida. Akacheka, akaniambia nimpe pole huyo rafiki, macho yake yamekuwa mekundu. Kisha akanieleza yote, bila kuringa! Data ihifadhiwe kama maandishi matupu yenye mkato kati ya safu na safu. Hayo hufunguka kwenye mfumo wowote. Ila tarehe ziandikwe kama tarehe: mwaka, mwezi, siku. Zisitoke kama namba, kwa sababu programu huhesabu siku kuanzia mwaka 1960 na Excel kuanzia mwaka 1900.

Roho safi namna hiyo utaipata wapi? Nimefuata ushauri wote, isipokuwa wa tarehe. Namba ni nyepesi. Nitazigeuza tarehe ndani ya Excel kwa kubonyeza mara moja.

Alhamisi, 7 Machi

Imekubali! Nimepaka vichwa vya safu zambarau. Nimemtumia mkurugenzi kabla Malkia hajamaliza chai. Sikuifungua tena. Kazi nzuri haihitaji kukaguliwa.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu.

Mkurugenzi alisoma mstari wa kwanza kwa sauti. Mtoto wa kiume, miaka sitini, kilo nne, ananyonya vizuri. Muuguzi mkuu akauliza ananyonya kwa nani. Mkurugenzi akasema wa pili amemzidi yeye umri, sasa ampime uzito au ampe shikamoo? Hata mhasibu alicheka, na yule hajacheka tangu aajiriwe.

Malkia angeweza kuniacha nizame. Akasimama, akasema data yenyewe ni sahihi, ni tarehe tu zimerudi nyuma miaka sitini zilipovuka kutoka programu kwenda Excel, na kwamba zambarau imependeza. Kisha akafungua jedwali lake. Watoto wote walikuwa watoto! Mkurugenzi akampa uongozi papo hapo. Na Malkia akasema ananitaka mimi kwenye timu. Mimi!

Jumatatu, 11 Machi

Malkia kiti cha mbele, mimi nyuma katikati. Anastahili.

Amenipa kazi ya kwanza: nipitie tarehe za jedwali lake, nisiguse kitu. Heshima iliyoje! Nikakumbuka tatizo lilikuwa miaka sitini. Basi kwa tahadhari nimeongeza miaka sitini kwenye tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, kuanzia juu hadi chini, na zambarau nimeirudisha. Nimemtumia mkurugenzi moja kwa moja, Malkia asisumbuke.

Wengine hata mama zao hawajazaliwa. Nadhani ndiyo maana ya utafiti mpya.